Nilikata Vitufe vya Nyuma, Nikasahau Nani Hukaa Nyuma

Wasee, ile video yangu iliyotazamwa kuliko zingine zote ina kosa. Si kosa la waya. Waya ziko sawa, na kama gari lako limeundwa kama lile, ukifanya nilivyofanya spika zako za nyuma zitalia. Kosa ni sentensi moja niliyosema nikiwa nimejikunja katikati ya viti, simu imeegemezwa kwa chupa ya maji, jasho linanitoka na furaha imenijaa: "Hizi vitufe za huku nyuma hakuna mtu hutumia. Tunaziruka tu."

Kulikuwa na mtu anazitumia. Nimekaa na hii stori miezi mitano sasa, wacha niitoe.

Gari ni la anko wangu, kakake mathe. Ni van ya viti saba kutoka Japani, zile unaziona Ijumaa jioni zikielekea ushago zimejaa watoto na mikate. Aliinunua ikiwa na miaka saba, kabla haijafika ile minane ambayo ukiipita huruhusiwi kuingiza gari Kenya. Ilikuja na redio yake ya kiwandani, na kama umewahi kuishi na gari la Japani unajua hiyo maisha. Maandishi yote ni ya Kijapani, unabonyeza kwa imani. Halafu FM. Redio hiyo ya Japani inaanzia 76 na kuishia 90. Sisi tunaanzia 87.5 hadi 108. Fanya hesabu: unabaki na kipande kidogo pale kwa 88 na 89, stesheni mbili tatu, na kama hupendi ni shauri yako. Fundi alimwekea kile kidude cha kusogeza masafa, ikaanza kushika stesheni zaidi, lakini kwa kukwaruza, na namba ya kwa skrini haikuwa namba ya stesheni. Anko alitaka vitu vitatu: Bluetooth, kamera ya kurudi nyuma, na stesheni yake ya Kikamba isikike safi hadi Kyumvi.

Sasa, kwa nini mimi. Anko ndiye alinilipia karo mihula miwili mathe alipokwama. Nilikuwa nasoma uhandisi wa umeme. Mwaka wa pili nikaacha. Sababu ni ndefu. Pesa ni nusu yake, nusu ingine ni mimi mwenyewe, na siku moja nitaiandika vizuri. Anko hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa utakuwa unafanya nini?" Nikamwambia kontenti. Akasema, "Sawa." Mnajua ile sawa ya wazee ambayo si sawa.

Kwa hivyo siku aliyotaja kwamba fundi wa mjini anataka elfu nane kumwekea redio mpya, niliruka. Anko, mimi nitakuwekea bure. Akanitazama kidogo, akaniuliza, "Na utamaliza?"

Hilo swali halikuwa la redio.

Akaniachia funguo Jumamosi saa nne asubuhi. Alikuwa anaenda chama, arudi saa kumi, na Jumapili kulikuwa na safari ya kwenda Machakos kumrudisha shosho. (Ndugu zangu wa huko humwita susu. Mimi wa mtaa nimezoea shosho, na yeye ameshachoka kunirekebisha.) Nikatoa waya hasi ya betri, nikafungua dashi, nikachomoa redio ya kiwandani. Luthuli nilikuwa nimenunua plagi ya kuunganisha redio mpya na waya za gari bila kukata chochote. Kama unaanza, usidharau hiyo plagi.

Na rangi za waya za redio mpya zijue kama jina lako, kwa sababu karibu redio zote za kununua dukani zinafuata mpango mmoja. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Kila moja ina pacha wake mwenye mstari mweusi, huyo ndiye hasi. Njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni ule unaokuja ukizungusha ufunguo, nyeusi inaenda kwa bodi. Lakini hiyo ni upande wa redio. Upande wa gari kila kampuni ina rangi zake, na hapo ukikisia ni wewe na fyuzi zako.

Nikarudisha betri, nikawasha. Skrini kubwa, inang'aa, Kiingereza safi. Mbele ikalia vizuri hadi nikacheka peke yangu. Nyuma, kimya.

Nikasogeza sauti yote kwenda nyuma kwa menyu. Kimya kabisa, hata mkwaruzo hakuna. Ikawa saa saba.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kizamani. Kuna jamaa aliwahi kuniambia hasi ya spika unaweza kuigusisha popote kwa bodi. Hiyo ilikuwa kweli kwa redio za kitambo. Redio za sasa, waya zote mbili za spika zinasukumwa na amplifaya, moja ikivuta ingine inasukuma, hakuna yenye undugu na bodi. Niligusisha, redio ikajizima papo hapo. Bahati ilikuwa na kinga, ilirudi. Redio ingine ingekuwa maziko.

Nikatulia, nikafanya kile nilifundishwa kwa hiyo mihula ambayo anko alilipia: fuata ishara. Ishara inatoka wapi, inafika wapi, inapotelea wapi. Nikacheza mlio mmoja usiobadilika kwa simu, nikaweka multimita kwa volti za AC, nikaanza kupima. Nyuma ya redio, ishara iko. Chini ya zulia, iko. Nikaifuata hadi kwa ile sanduku ya katikati ya viti vya mbele, upande unaoangalia abiria wa safu ya pili, na hapo ndipo kulikuwa na paneli ndogo sijawahi kuijali maishani. Kitufe cha kuwasha, cha kupandisha sauti, cha kushusha, cha kuchagua CD au redio, na matundu mawili ya hedifoni. Waya nne za spika za nyuma zinaingia kwa hiyo paneli na nne zinatoka. Zinazoingia zina ishara. Zinazotoka hazina kitu.

Iko hivi. Kwa gari za familia za aina hii, watengenezaji walifikiria watu wa nyuma. Mzazi yuko mbele anasikiza habari, mtoto nyuma anataka kitu kingine, au anataka kulala. Kwa hivyo nyuma wakapewa mamlaka yao kidogo. Gari kubwa za Marekani kama Chevrolet Suburban na Tahoe zilikuja na kitu hicho. Ukiwasha paneli ya nyuma usikize kwa hedifoni, spika za nyuma zinanyamaza zenyewe, za mbele zinaendelea. Shida ni kwamba paneli na redio ya kiwandani huongea kwa waya za data. Toyota kwa mfano walikuwa na mfumo wao unaitwa AVC-LAN. Unabonyeza "shusha" huko nyuma, paneli inatuma ujumbe, redio inaelewa. Sasa ukitoa hiyo redio na kuweka ya Luthuli, paneli inaendelea kuita na hakuna anayejibu. Kwa hii van, paneli isipojibiwa inafunga mlango: ishara ya spika inaingia, haitoki. Ni kama makanga anayengoja dereva apige honi ndio afungue, na dereva ashafutwa kazi.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kununua kile kifaa cha kutafsiri kati ya redio mpya na mfumo wa gari, kama kinapatikana cha gari lako. Si kila mara kinapatikana, na si bei ya mwanafunzi, sembuse ya aliyeacha. Ya pili ni kuiruka paneli. Unachomoa plagi yake, unaunganisha waya inayoingia na ile inayotoka, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kushoto kwa kushoto. Spika haijui kama paneli iliwahi kuwepo.

Kujua waya gani ni ya spika gani, chukua betri ndogo ya rimoti, ile ya volti 1.5, gusisha kwa sekunde moja tu. Utasikia "tap" kwa spika husika, na ukitoa kifuniko utaona ile karatasi yake ikiruka. Ikiruka kuja nje, chanya yako iko kwa chanya. Usiruke hii hatua. Ukigeuza spika moja, zote zitalia lakini besi itapotea, na utakaa mwezi mzima ukilaumu redio. Halafu kitu ambacho kwa video sikukisema, na kilifaa nikiseme: kama hilo sanduku la nyuma lina amplifaya ndani yake, kuunganisha moja kwa moja si kazi ile ile. Hapo ishara inayoingia inaweza kuwa ya chini sana, na spika zinaweza kuwa na ukinzani ambao redio yako haiwezi kubeba. Redio nyingi zimetengenezewa omu 4. Pima kwanza.

Mimi nilipima. Ilikuwa omu 4, haikuwa na amplifaya. Nikaunganisha, nikalehemu, nikafunga tepu nyeusi. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Nikawasha.

Wasee. Nyuma ikalia.

Hapo ndio nilisema ile sentensi.

Anko alirudi saa kumi na robo. Akaketi kiti cha dereva, simu yake ikajiunga na Bluetooth, akaweka wimbo mmoja wa benga ya Kikamba, akapandisha sauti. Akageuka akaangalia nyuma, kisha akaniangalia. "Umemaliza," akasema. Haikuwa swali tena. Mnaweza kucheka lakini nilienda nyuma ya gari nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumapili tukaenda. Anko na mkewe mbele, shosho kiti cha katikati nyuma ya dereva, mimi kando yake, binamu zangu watatu nyuma kabisa na simu zao. Binamu walipata neno la siri la Bluetooth kabla hatujafika Mlolongo, na kutoka hapo ilikuwa gengetone hadi nyumbani. Mimi nikirekodi. Nilitaka picha za watu wakifurahia kazi yangu, nizipachike mwisho wa video. Nikapachika sekunde kumi hivi, nikaitoa Jumatano, ikashika moto. Sijawahi kuona namba kama hizo. Wiki hiyo nilijiona nimeomoka.

Baada ya hapo shosho akaacha kupanda gari la anko.

Hakusema hivyo. Angesema, "Nyinyi tangulieni, mimi nitakuja na mama wa kanisa." Angesema mgongo. Mara moja alipanda matatu kutoka Machakos hadi Nairobi kuja kliniki, yeye na miaka yake sabini na nane, na anko alikuwa anatoka huko huko siku hiyo hiyo. Mathe alikasirika kidogo, akadhani wamekosana na kakake kuhusu shamba. Anko naye akadhani ni mkewe amesema kitu. Yaani familia nzima ilikuwa inatafuta kosa kwa kila mtu, na kosa lilikuwa limefungwa tepu nyeusi chini ya zulia.

Nililigundua mimi, na si kwa wema. Nilikuwa natafuta kipande cha video ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa inalipa. Nikafungua marekodi yote ya ile Jumapili, dakika kama ishirini ambazo sikuzitumia. Kuna moja nimeelekeza kamera kwa skrini mpya ya mbele, najisifu. Lakini kwa pembe ya chini ya picha, kulia, kuna mkono. Mkono wa shosho. Umenyooka hadi kwa ile paneli iliyokufa. Unabonyeza "shusha". Unangoja. Unabonyeza tena. Nikahesabu. Mara kumi na nne kwa ile klipu peke yake. Halafu mkono unarudi, na klipu inayofuata, nikigeuza kamera kwa binamu, shosho amevuta leso yake ikafunika masikio yote mawili, anaangalia dirisha.

Nilikuwa nimekaa kando yake, jameni. Goti langu lilikuwa linagusa lake.

Nikampigia simu. Shosho huniita "mzee wangu" kwa sababu nimepewa jina la marehemu mume wake, na ni utani ambao haujawahi kumchosha. Nikazunguka zunguka, mvua, ng'ombe, kanisa, mwishowe nikamuuliza kuhusu vitufe.

Akanyamaza kidogo. "Ile kitu iliharibika," akasema. "Ni sawa, mzee wangu. Gari ni ya mwenyewe."

Nikamuuliza alikuwa anaitumia kufanya nini. Ndipo nikajua kitu ambacho mjukuu wa miaka ishirini na mbili alifaa kuwa anajua. Masikio yake hulia. Miaka mingi, mlio kama wa nyenje, usiku na mchana, na sauti kubwa ikikaa muda huufanya uwe mbaya zaidi kwa siku mbili. Kwa matatu ndio mateso, kwa hivyo alipopata kupanda gari la mtoto wake na kugundua kuna kitufe mbele ya goti lake kinachopunguza sauti ya upande wake tu bila kusumbua aliye mbele, hakumwambia mtu. Alikuwa anakishusha pole pole watu wakiongea. Anko anasikiza habari zake, yeye ametulia. Wakati mwingine anko alikuwa anamwekea CD ya kwaya, na shosho anachomeka zile hedifoni za povu alizopewa na mtoto wa jirani, anasikiza hadi nyumbani. Redio niliyoweka mimi haina hata tundu la CD.

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mlikuwa mmefurahi."

Nataka niseme kitu kuhusu matatu hapa na sitaki mnielewe vibaya. Mimi ni mtoto wa nganya. Nimesubiri gari moja dakika arobaini nikaacha tano tupu zipite, kwa sababu ya muziki. Siungi mkono wale wanataka kila kitu kizimwe. Lakini fikiria ni nani hushika ile sauti. Dereva na makanga. Wewe hapo nyuma ukisema "punguza kidogo" unajua jibu: shuka uchukue ingine. Sheria iko, kuna kanuni za kelele za mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira, lakini hakuna abiria nimewahi kuona akimsomea makanga kanuni. Kwa hiyo hali ya kawaida, kwetu, ni kwamba aliye nyuma anapewa sauti na hana pa kuishushia. Ile paneli ya plastiki kutoka Japani ilikuwa ni watu wachache waliokaa ofisini wakasema, huyu wa nyuma pia apewe kitufe. Na mimi, fundi wa siku moja, nikaiondoa kwa dakika kumi kwa sababu saa kumi ilikuwa inakaribia na nilitaka mtu fulani aone nimemaliza.

Kumwambia anko ndio ilikuwa ngumu. Nilimwonyesha ile klipu. Akaiangalia mara mbili bila kusema kitu. Mara ya tatu akaisimamisha pale mkono umenyooka. Nilingoja aniambie nilijua ungeacha nusu. Akasema, "Mama amekuwa akipanda matatu." Basi. Kisha akanipa funguo.

Hii sasa ndiyo kazi niliyofaa kufanya ile Jumamosi. Redio mpya, nyuma yake, ina matundu ya RCA, yale mekundu na meupe, na moja ya jozi imeandikwa nyuma. Hayo hutoa ishara ndogo, si ya kusukuma spika bali ya kwenda kwa amplifaya. Nikatafuta amplifaya ndogo ya mitumba ya njia mbili, shilingi elfu tatu na mia tano, ikakaa chini ya kiti. Umeme wake unatoka kwa betri moja kwa moja, na fyuzi unaiweka karibu na betri, si karibu na amplifaya, kwa sababu unachokinga ni ile waya ndefu isije ikachubuka ikawasha gari. Waya ya buluu yenye mstari mweupe kutoka kwa redio ndiyo inaiamsha. Halafu kati ya RCA na amplifaya unaweka kidude cha kuzungusha, cha kupunguza ishara, mia nane kwa yule jamaa wangu wa Luthuli. Hicho nikakipeleka hadi pale paneli ilipokuwa. Spika za nyuma nikazitoa kwa redio kabisa, zikaenda kwa amplifaya.

Kile kitufe cha kuzungusha kilikuja kidogo sana, kama kofia ya kalamu. Vidole vya shosho vina baridi yabisi. Nikang'oa kikubwa kutoka kwa redio ya mbao iliyokufa hapa kejani, nikakipachika. Hakifanani na chochote ndani ya hilo gari. Ni cheusi, kina mstari mweupe, kinakaa kama kifuniko cha mtungi.

Na haijarudi kama ilivyokuwa, sitawadanganya. Anko akipandisha mbele, nyuma pia inapanda. Ila yeye anaweza kushusha kutoka hapo hadi sifuri. Hedifoni hazifanyi kazi. Kwaya yake nimeihamisha kwa USB, lakini ikilia inalia kwa wote, hawezi kusikiza yake peke yake. Ile paneli ya zamani ilijua kufanya vitu vitatu, mimi nimerudisha kimoja, kwa zaidi ya elfu nne, baada ya kuiondoa bure.

Mtaniuliza kuhusu video. Bado iko. Nimeongeza maelezo juu kabisa, kwamba kabla uchomoe hiyo plagi uulize kila mtu hupanda hilo gari anabonyeza nini, hata yule asiyesema. Watu wanaosoma maelezo ni wachache, najua. Nilifikiria kuifuta. Ndiyo inalipa kodi ya nyumba ya huu mwezi, na sijaifuta.

Shosho alipanda gari la anko Jumapili iliyopita. Nilimwonyesha kitufe kabla hatujaondoka, nikashika mkono wake nikakizungusha nao. Akakijaribu mara mbili, juu, chini, akakiangalia vile mtu huangalia mboga sokoni. "Ni kikubwa," akasema. Tukaingia barabarani. Binamu wakaanza na zao. Kabla ya Mlolongo mkono wake ukatoka kwa leso, ukazungusha hadi mwisho, na upande wetu ukawa kimya, mbele gengetone inaendelea. Kufika Athi River alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo.

Anko akanitazama kwa kile kioo cha ndani.

"Na ile ya hedifoni?"

Nikamwambia bado naitafuta.